Goti Lisilouma Si Goti Lililopona

Goti la mwanadamu linashikiliwa na ligamenti nne. Mbili zimekaa pembeni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Mbili zilizobaki zimo ndani kabisa ya kiungo, zimepishana mfano wa herufi X, ndiyo maana zikaitwa ligamenti za msalaba. Ile ya mbele ina urefu wa sentimita tatu hivi na haizidi unene wa kidole, lakini kwa kijana mwenye afya inahimili mvuto unaozidi uzito wa kilo 200 kabla haijakatika. Kazi zake ni mbili: kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele chini ya fupa la paja, na kulizuia goti lisijisokote mtu anapogeuka. Anayetembea njia iliyonyooka anaweza kuishi bila kuihitaji sana. Anayepiga chenga, anayeruka kupiga kichwa, anayedaka mpira wa netiboli hewani akatua kwa mguu mmoja, hana budi nayo.

Hii ndiyo ligamenti ambayo wapenzi wa soka wameizoea kwa herufi tatu tu, ACL. Wengi huamini kwamba hukatwa na rafu. Rafu huchangia, ila mara nyingi zaidi mchezaji huumia peke yake, hakuna aliyemgusa. Alikuwa anakimbia, akasimama ghafla ili abadili upande. Au aliruka, akatua vibaya. Mguu umekita chini, kiwiliwili kimeshageuka, goti karibu limenyooka na linaangukia ndani. Kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha, ligamenti imekatika. Wengi husikia mlio ndani ya goti, kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Ndani ya saa chache goti linajaa, kwa kuwa ligamenti ina mishipa ya damu, na damu hiyo humwagika ndani ya kiungo. Katika michezo inayochezwa na jinsia zote mbili, kama soka na mpira wa kikapu, wasichana huumia hivi kwa kiwango cha mara mbili ya wavulana au zaidi, na tofauti hiyo huanza kuonekana wakati wa balehe.

Baada ya hapo goti humdanganya mwenyewe mara mbili. Udanganyifu wa kwanza hutokea kabla ya upasuaji. Wiki mbili au tatu zikipita, uvimbe hupungua, maumivu hutulia, kijana anatembea na hata kukimbia mbele bila shida. Mtaani husemwa kwamba aliteguka tu na sasa amepona. Anarudi uwanjani, anageuka mara moja, goti linachomoka, anaanguka. Kila linapochomoka namna hiyo, mifupa miwili husagana na kuziumiza meniski, yaani zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga zinazobeba mshindo kati ya paja na muundi. Meniski iliyoharibika leo ndiyo chanzo cha goti baya la uzeeni. Kwa hiyo kijana aliyesikia mlio, goti likavimba siku hiyohiyo, hapaswi kukandwa wala kuchuliwa, maana kulichua goti lenye damu ndani huongeza uvimbe. Anapaswa kupumzishwa, kuwekewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kufungwa bandeji, kuinuliwa mguu, na kupelekwa kwa daktari wa mifupa.

Daktari mzoefu huligundua tatizo kwa mikono yake. Goti likiwa limekunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30, hushika paja kwa mkono mmoja na kuuvuta muundi mbele kwa mkono wa pili. Ligamenti nzima hukaza ghafla, kama kamba iliyofika mwisho. Iliyokatika huuacha muundi uteleze. Kipimo hicho, kilichoelezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1976, huitwa kwa jina la John Lachman wa Philadelphia, na hadi leo ndicho kinachoaminika zaidi kati ya vinavyofanywa kwa mikono. Eksirei huonyesha mifupa tu. Kipimo cha MRI ndicho kinachoonyesha ligamenti yenyewe pamoja na hali ya meniski.

Si kila aliyekatika ligamenti lazima apasuliwe. Utafiti uliofanyika Sweden na kutangazwa mwaka 2010 uliwagawa vijana 121 katika makundi mawili: kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi tiba, lingine lilianza na mazoezi tiba pekee likiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye iwapo goti litaendelea kuchomoka. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo zilikuwa sawa, na katika kundi la pili wengi walikuwa hawajahitaji kisu. Lakini kijana anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka na kuruka, ambaye goti lake halitulii, au ambaye meniski yake imechanika mahali panaposhoneka, huyo kwa kawaida hushauriwa apasuliwe.

Akishaamua kupasuliwa, hakuna sababu ya kukimbilia meza ya upasuaji siku ya pili. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limevimba na kukakamaa hutoka likiwa limekakamaa zaidi. Wiki kadhaa za kabla ya upasuaji ni za kushusha uvimbe, kulinyoosha goti hadi mwisho wake, na kuiamsha misuli ya mbele ya paja. Nguvu anayoingia nayo kijana ndiyo akiba atakayoitumia akitoka.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu. Mwaka 1895 daktari Arthur Mayo Robson wa Leeds, Uingereza, alizishona ligamenti za msalaba za mchimba madini. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol alieleza namna ya kutengeneza ligamenti mpya kwa kipande cha tishu ya mgonjwa mwenyewe. Njia hii ya pili ndiyo iliyoshinda, kwa sababu ligamenti ya mbele ikikatika ncha zake hufumuka kama kamba kuukuu, na majimaji ya goti huizuia damu isigande mahali pale na kuziunganisha. Tangu miaka ya 1980 kazi hiyo hufanywa kupitia matundu madogo kwa kamera nyembamba, bila kulifungua goti zima. Daktari hutoa kano kutoka nyama za nyuma ya paja, au sehemu ya kano iliyo chini ya pia ya goti, au ya juu yake. Hutoboa njia katika fupa la paja na katika muundi. Hupitisha kipande hicho na kukikaza kwa skrubu au kitufe cha chuma. Kipande hicho huitwa kipandikizi. Katika baadhi ya nchi hutumika pia kano za marehemu waliojitolea viungo, lakini kwa wanamichezo vijana zimeonekana kukatika mara nyingi zaidi kuliko za mwili wao wenyewe.

Kuanzia hapa ndipo udanganyifu wa pili wa goti unapoanza, na huu ndio uliowamaliza vijana wengi. Kano iliyokatwa mahali pake imetengwa na damu yake. Katika wiki za mwanzo seli zake nyingi hufa. Polepole mishipa mipya ya damu huingia, seli mpya huhamia, nyuzi za zamani hubomolewa na mpya hufumwa, mpaka kano iliyozaliwa kwa kazi ya kuvuta msuli igeuke kuwa ligamenti ya kushikilia mifupa. Wakati ubomoaji huo ukiendelea, takriban kati ya wiki ya 6 na ya 12, kipandikizi huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya upasuaji. Kujijenga upya huchukua mwaka mzima, pengine zaidi. Na katika wiki zizo hizo za udhaifu ndipo kidonda kimefunga, magongo yamewekwa pembeni, maumivu yamekwisha, na kijana anajihisi mzima. Maumivu hutoka kwenye ngozi, kwenye mfupa uliotobolewa na kwenye uvimbe. Hivyo vikitulia, ni machache yanayobaki kumwambia mtu kwamba ndani kuna kamba ambayo bado haijakomaa.

Miezi hiyo inayofuata ina haraka yake na subira yake, na vijana wengi huzibadilisha mahali. Wiki za kwanza wanalala kwa kuogopa, miezi ya mwisho wanakimbilia uwanjani. Inatakiwa iwe kinyume.

Haraka ni ya wiki mbili za mwanzo. Zamani mgonjwa aliwekwa plasta au kuzuiwa asinyooshe goti kwa wiki nyingi. Daktari Donald Shelbourne wa Indianapolis, Marekani, aliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliokaidi masharti hayo, wakanyoosha goti na kutembea mapema, waliendelea vizuri kuliko watiifu. Mwaka 1990 yeye na mwenzake Paul Nitz walichapisha mpango mpya wa mazoezi yanayoanza mara tu baada ya upasuaji, na utaratibu wa dunia ukabadilika. Lengo la kwanza katika siku hizo ni kulinyoosha goti kabisa, lilingane na la mguu mwingine. Goti lililobaki limekunjika hata kwa nyuzi chache huota kovu ndani, humfanya mtu achechemee, na huinyima misuli ya paja nafasi ya kufanya kazi. Ndiyo sababu kuweka mto chini ya goti wakati wa kulala, ingawa hutuliza, ni kosa. Mto au taulo huwekwa chini ya kisigino, goti lishuke lenyewe.

Lengo la pili ni kuiamsha misuli ya mbele ya paja. Goti likivimba, mishipa ya fahamu huipelekea misuli hiyo amri ya kuzima. Kijana hutazama paja lake mwenyewe, huliamuru likaze, na halikazi. Zoezi la kwanza kabisa ni dogo mno kwa macho ya mtazamaji. Mgonjwa huketi kitandani na mguu umenyooka mbele yake, taulo iliyokunjwa ipo chini ya goti. Huikandamiza taulo kwa nyuma ya goti, hushikilia kwa sekunde tano, huachia. Siku ya kwanza pengine hakuna kinachoonekana. Siku ya tatu au ya nne nyama iliyo juu ya goti, upande wa ndani, hutetemeka kidogo, na pia ya goti husogea juu kwa upana wa ukucha. Hapo ndipo mtaalamu wa fiziotherapia anapotabasamu. Hatua inayofuata ni kuuinua mguu mzima kutoka kitandani bila goti kulegea. Anayeweza kufanya hivyo mara kadhaa mfululizo anakaribia kuyaacha magongo.

Katika wiki hizohizo familia inapaswa kujua dalili za hatari: homa, usaha au majimaji yasiyokoma kwenye kidonda, goti kuwa la moto na kuuma zaidi badala ya kutulia, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana au kupumua kwa shida. Mbili za mwisho zinaweza kuashiria damu iliyoganda kwenye mishipa, nazo hazingoji tarehe ya kliniki.

Kutoka wiki ya pili hadi ya sita kijana hujifunza upya kutembea bila kuchechemea, kupanda ngazi, kuendesha baiskeli isiyosogea, na kuchuchumaa kidogo. Waliotolewa kano nyuma ya paja huchelewesha mazoezi mazito ya misuli hiyo mpaka jeraha la huko lipone. Walioshonwa meniski huwekewa masharti zaidi: uzito kiasi gani wauweke mguuni, na wasikunje goti kupita nyuzi 90 wakiwa wamelikanyagia, mara nyingi kwa wiki nne hadi sita. Masharti ya mmoja si ya mwenzake, hata kama walipasuliwa siku moja na daktari mmoja.

Kutoka hapo hadi mwezi wa tatu kazi kubwa ni nguvu. Paja la mguu uliopasuliwa huwa limepungua, na upungufu huo hupimika kwa futi ya fundi cherehani: hupimwa mzunguko wa mapaja yote mawili, sentimita 10 juu ya pia ya goti, na tofauti huandikwa kwenye daftari kila baada ya wiki mbili. Mahali pasipo na mashine za gharama, mazoezi yanawezekana bado. Kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, kilekile kinachofungia mizigo, huwa kamba ya kuvuta. Mfuko wa mchanga uliopimwa kwenye mizani ya dukani huwa uzito. Kidaraja kimoja cha ngazi hutosha kwa zoezi linalofichua mengi: kijana husimama juu yake kwa mguu uliopasuliwa na kushusha kisigino cha mguu mwingine polepole mpaka kiguse chini. Anayemtazama kutoka mbele huangalia kitu kimoja tu, nacho ni kama goti linabaki juu ya vidole vya mguu au linaanguka kuelekea ndani. Goti linaloanguka ndani kwenye ngazi litaanguka ndani uwanjani, na hiyo ndiyo njia ileile iliyoikata ligamenti ya kwanza.

Kukimbia kwa kawaida huanza mwezi wa tatu au wa nne, na hilo hutegemea hali ya goti kuliko kalenda: lisiwe na uvimbe, linyooke lote, na paja liwe limefikia angalau asilimia 70 ya nguvu ya paja zima. Kijana huanza kwa kubadilisha dakika moja ya kukimbia na dakika moja ya kutembea, mahali tambarare. Uvimbe ndio hakimu. Goti likiwa limejaa asubuhi inayofuata, mzigo ulikuwa mkubwa, na unapunguzwa. Kutoka hapo huja kuruka na kutua kwa miguu miwili, kisha kwa mmoja. Kisha kubadili mwelekeo kwa kasi ndogo, kisha kwa kasi kamili. Kisha mpira bila mpinzani, kisha na mpinzani mmoja, kisha mazoezi ya timu nzima. Kila daraja hukanyagwa likizoeleka.

Subira ni ya miezi hiyo ya mwisho. Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walitoa matokeo yaliyobadilisha mazungumzo ya kliniki nyingi: hadi mwezi wa tisa, kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi ulipunguza kwa takriban nusu kiwango cha kuumia goti tena. Katika kundi hilohilo, waliorudi bila kufaulu vipimo waliumia tena kwa asilimia 38. Waliofaulu, chini ya asilimia 6. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden waliofuatilia wanamichezo vijana waliona kwamba waliorudi kabla ya miezi tisa walikatika ligamenti tena kwa kiwango cha karibu mara saba ya waliongoja. Ujana wenyewe ni hatari: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya wanamichezo walio chini ya miaka 25 waliorudi mchezoni, karibu mmoja kati ya wanne huumia ligamenti hiyo tena, katika goti lilelile au la mguu wa pili.

Miezi tisa, basi, ni kizingiti cha chini, na mchezaji huvuka kwa vipimo. Paja la mguu uliopasuliwa lifikie asilimia 90 au zaidi ya nguvu ya paja la pili, mbele na nyuma. Kuruka kwa mguu mmoja kupimwe kwa namna nne: ruko moja la mbali, maruko matatu mfululizo, maruko matatu ya kupishanisha mstari, na kuruka umbali wa mita sita kwa kuhesabiwa muda, kila kimoja kifikie asilimia 90 ya mguu mwingine. Hapa pana mtego, kwa kuwa mguu mzima nao umedhoofika kwa miezi ya kukaa, na kijana anaweza kulingana na mguu dhaifu. Kwa hiyo ni busara kuupima mguu mzima mapema, kabla ya upasuaji, na kuyatunza matokeo yake. Pamoja na umbali, hutazamwa pia namna anavyotua: kwa ulaini, goti likiwa limekunjwa na kuelekea mbele, bila kuyumba.

Mtoto ambaye bado anakua anahitaji uangalizi wa ziada. Zaidi ya nusu ya urefu wa mguu hutokana na gegedu za ukuaji zilizo karibu na goti, mwishoni mwa fupa la paja na mwanzoni mwa muundi. Tundu likitobolewa vibaya kupitia gegedu hizo, mguu unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda. Madaktari wa mifupa ya watoto wana njia za kuzikwepa au kuzipita kwa uangalifu, na humfuatilia mtoto mpaka amalize kukua. Jopo la wataalamu la Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki lilitoa tamko kuhusu majeraha haya ya watoto mwaka 2018, na kwao muda wa kurudi kwenye michezo ya kugeuka unapendekezwa uwe angalau miezi 12.

Mfano wa wazi ni wa Pablo Páez Gavira, ajulikanaye kama Gavi, kiungo wa Barcelona na Hispania. Alikuwa na miaka 19 alipoumia goti la kulia tarehe 19 Novemba 2023, katika mchezo wa kufuzu Euro dhidi ya Georgia mjini Valladolid. Ligamenti ya mbele ilikatika yote, na meniski ya nje ikaumia pamoja nayo. Julai 2024 Hispania ilitwaa Euro yeye akiwa bado anajiuguza. Alirudi uwanjani tarehe 20 Oktoba 2024 dhidi ya Sevilla, akipewa dakika chache za mwisho, na mchezaji mwenzake Pedri akavua kitambaa cha unahodha na kumkabidhi. Ilikuwa miezi 11. Katika klabu hiyohiyo Alexia Putellas aliumia tarehe 5 Julai 2022, siku moja kabla ya Euro ya wanawake kuanza, akarudi mwishoni mwa Aprili 2023, na Agosti mwaka huo akawa bingwa wa Kombe la Dunia. Hawa walikuwa na madaktari, mashine, mabwawa na watu wa kuwahudumia kila siku, na bado ilihitajika miezi kumi na kumi na moja. Kijana wa sekondari anayetakiwa na timu yake mwezi wa tano, kwa kuwa mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA yamekaribia na goti haliumi, anaombwa afanye jambo ambalo hata klabu tajiri haikulithubutu.

Upande wa moyo nao unapona kwa mwendo wake. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji huu watu wapatao 81 kati ya 100 walirudi kwenye mchezo wa namna fulani, lakini ni 55 tu waliorudi kwenye mashindano. Hofu ya kuumia tena ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi, hata pale goti lilipokuwa na nguvu. Kijana aliyezoea kuitwa kwa namba yake ya jezi hujikuta ameketi kwenye benchi la mbao akiwatazama wenzake, na miezi ya katikati, ile ambayo hakuna jipya linalotokea, ndiyo inayomchosha zaidi. Kocha anayejua kazi yake humwita mazoezini, humpa kazi ya kurekodi pasi au kuongoza upashaji moto, humfundisha kuusoma mchezo. Mzazi humsaidia kwa kumpeleka kliniki bila kukosa, na kwa kutomuuliza kila siku atacheza lini. Kuandika maendeleo madogo, kama nyuzi za kukunja goti au sentimita za paja, humpa kijana ushindi wa kuhesabu.

Mwili unaojenga ligamenti na misuli unataka chakula na usingizi. Dagaa, samaki, maharage, mayai, maziwa na nyama huleta proteini, na kinachofaa ni kuzigawa katika milo yote ya siku. Kupunguza kula kwa kuogopa kunenepa wakati wa kukaa ni kosa, hasa kwa msichana anayekua. Sigara huchelewesha uponaji.

Siku ya kurudi uwanjani haimalizi safari. Mazoezi ya nguvu na ya kutua huendelea mara mbili au tatu kwa wiki kwa muda wote ambao mtu anacheza, kwa miguu yote miwili, maana goti la pili nalo limo hatarini. Tafiti za muda mrefu zimeonyesha kwamba miaka 10 hadi 20 baada ya jeraha hili karibu nusu ya walioumia huwa na dalili za kusagika kwa gegedu za goti. Paja lenye nguvu, uzito wa mwili uliodhibitiwa na kuepuka jeraha la pili ndiyo kinga iliyopo.

Kinga ya jeraha la kwanza nayo ipo, na ni nafuu. FIFA imekuwa ikisambaza utaratibu wa kupasha moto uliobuniwa mwaka 2006, uitwao 11+: mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu, mizani, kuruka na kutua, yanayochukua dakika 20 na yasiyohitaji kifaa zaidi ya mpira. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Yaliyomo humo ni yaleyale anayofundishwa kijana baada ya upasuaji: kutua kwa ulaini, goti juu ya vidole, nyonga imara. Timu inayoyafanya mara mbili kwa wiki, hata kwenye uwanja wa vumbi, inawafundisha wachezaji wake wote kile ambacho mwenzao mmoja alijifunza kwa miezi tisa ya kukosa mpira.